Vifaru wa Ziwa, Nakasongola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Ziwa, mahali pa vifaru huko Nakitoma (ni jina tu, si ziwa la maji), nao ni wa jamaa wanaokuja Uganda kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Rwanda, pamoja na sisi wa hapahapa ambao hupita Nakitoma kila sikukuu tukielekea Gulu au Lira bila hata kupunguza mwendo. Maswali yameandikwa kama yanavyoulizwa. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoamua kama safari itakuwa nzuri. Mengine hayahitaji zaidi ya sentensi mbili.

Ziwa ni mbuga ya taifa, ranchi, au bustani ya wanyama?

Ni ranchi. Ardhi ni ya mtu binafsi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 70 hivi, imezungushiwa uzio wa umeme, iko Nakitoma katika wilaya ya Nakasongola. Zamani ilikuwa nchi ya kufugia ng'ombe tu, kama sehemu kubwa ya Nakasongola ilivyo hadi leo.

Lakini vifaru wenyewe si mali ya mwenye ranchi. Kwa sheria ya Uganda, mnyamapori ni wa taifa hata akiwa amesimama kwenye shamba la mtu. Ndiyo maana utakuta askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo kila mtu anaiita UWA. Miaka ya mwanzo mradi uliendeshwa na shirika la Rhino Fund Uganda, lililoanzishwa 1997. Mwaka 2021 kulizuka mvutano kati ya shirika hilo na mwenye ardhi, wageni wakasimamishwa kwa muda, na UWA ikaingia kusimamia pamoja na ranchi. Basi ukisikia mtu anasema "pale pamefungwa", huenda anakumbuka habari za mwaka huo.

Bustani ya wanyama si hapa. Hakuna vizimba, hakuna saa ya kulishwa. Vifaru wanakula nyasi walizozikuta, wanapigana wenyewe, wanazaana wenyewe.

Ilikuwaje Uganda ikabaki bila kifaru hata mmoja?

Bunduki na soko la pembe. Uganda ilikuwa na vifaru wa aina mbili. Upande wa magharibi wa Nile, huko West Nile, waliishi vifaru weupe wa kaskazini. Wachache walihamishiwa mbuga ya Murchison miaka ya 1960 ili walindwe vizuri zaidi. Vifaru weusi walikuwa Murchison kwenyewe na mbuga ya Kidepo. Halafu zikaja enzi za Amin, vita vya kumng'oa 1979, na vurugu zilizofuata. Silaha zilizagaa, askari wa mbuga hawakulipwa wala hawakuwa na risasi za kujibu, na pembe ilikuwa na mnunuzi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wote walikuwa wamekwisha.

Kizazi kizima cha Waganda kilikua kikimjua kifaru kwa picha ya kitabu cha shule. Watu wazima wanaofika Ziwa kutoka Kampala mara nyingi hunyamaza zaidi ya watoto wao.

Hawa waliopo wametoka wapi?

Wanne wa kwanza waliletwa 2005 kutoka Solio, ranchi ya binafsi iliyoko Laikipia, Kenya. Wengine wawili walifika 2006 kwa ndege kutoka Florida, Marekani, kwenye hifadhi ya wanyama ya Disney. Jumla sita: madume watatu, majike watatu. Juni 2009 akazaliwa ndama wa kwanza kuzaliwa Uganda baada ya zaidi ya robo karne. Baba yake Taleo ni wa Kenya, mama yake Nandi ni wa Marekani, na mwaka huo Ikulu ya Washington ilikuwa imepata mpangaji mpya. Wakamwita Obama. Sidhani kuna Mjaluo aliyesikia kisa hicho asicheke.

Leo idadi imepita 40. Kwa kasi ya kifaru hilo si jambo dogo: jike hubeba mimba karibu miezi 16, na baada ya kuzaa hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya ndama mwingine.

Kwa nini wanaitwa weupe na mbona ni wa kijivu?

Rangi haihusiki, wote ni wa kijivu, na baada ya kugaagaa kwenye tope huwa rangi ya tope. Angalia mdomo. Mweupe ana mdomo mpana, uliokatwa sawa, wa kufyeka nyasi chini, ndiyo maana kichwa chake huinama muda wote. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kuvutia majani ya vichaka. Watu wa porini hukuambia pia kwamba ndama wa kifaru mweupe hutembea mbele ya mama yake, na wa mweusi hufuata nyuma. Ziwa ni weupe watupu, wa jamii ya kusini. Wale wa kaskazini, ambao ndio waliokuwa wenyeji wa West Nile, wamebaki majike wawili tu duniani, Najin na Fatu, huko Ol Pejeta, Kenya. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Machi 2018.

Kutembea kwa miguu kumkaribia kifaru si kujitafutia kifo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mtu asiyeliuliza mimi humtilia shaka.

Dume aliyekomaa hupita tani mbili. Akiamua kukimbia, mwendo wake hufika kilomita 40 kwa saa au zaidi, na wewe hutafika hata nusu ya hapo ukiwa na viatu vya mjini. Hatari ipo. Ila inafanyiwa kazi, na kazi hiyo ni ya askari anayekuongoza, si yako. Yako ni kutii.

Mambo matatu yanakusaidia. Kwanza, kifaru mweupe ni mpole ukimlinganisha na mweusi; kawaida yake akishtuka ni kukimbia kwenda mbali. Pili, hawa wa Ziwa wamezaliwa au kukaa miaka mingi wakiwa na askari karibu mchana na usiku, kwa hiyo harufu ya binadamu na sauti ya miguu si habari mpya kwao. Tatu, askari anawajua mmoja mmoja. Anajua nani ana ndama mchanga, nani amepigana jana, nani huamka vibaya. Akikwambia "leo kwa huyu hatusogei", usimuulize kwa nini mara mbili.

Macho ya kifaru ni mabovu. Ukisimama tuli mbele yake kwa umbali wa kutosha, huenda asijue wewe ni mtu au kichuguu. Lakini masikio yake huzunguka kila moja upande wake, na pua ndiyo inayomwambia kila kitu. Ndiyo maana askari atakuzungusha njia ndefu kupitia nyasi zenye umande wakati njia fupi unaiona kwa macho: anautafuta upepo unaotoka kwa mnyama kuja kwenu. Na ndiyo maana manukato makali ya Jumapili yaache nyumbani.

Kuna ndege wadogo wanaokaa mgongoni mwake wakila kupe, shashi. Ukiwasikia wanapiga kelele na kuruka, jua na kifaru amesikia. Hapo kundi zima husimama.

Ikitokea akaja? Askari atakuwa ameshakuonyesha mti kabla. Unasimama nyuma ya mti au unapanda ukiweza, hukimbii ovyo uwanjani. Watu wengi wanaofika hawaoni hata dalili ya hayo. Wanamwona mnyama amelala chini ya mgunga akipumua kwa nguvu, na wanaondoka.

Matembezi yenyewe yanaendaje?

Unajiandikisha mapokezi, unalipa, unapewa maelezo. Askari waliolala na wanyama porini wanawasiliana kwa redio na mapokezi, kwa hiyo mnajua kundi liko upande gani. Mnakwenda kwa gari hadi karibu, mnashuka, mnapanga mstari mmoja, askari mbele. Kutoka hapo ni kutembea. Siku nyingine dakika ishirini, siku nyingine zaidi ya saa moja, kwenye nyasi, vichuguu na vichaka vya miiba. Mkifika mnasimama, mnatazama, mnapiga picha, mnanong'ona. Halafu mnarudi. Jumla ihesabie saa moja na nusu hadi mbili.

Siri moja ya bure: usitumie dakika zote kwenye simu. Sikiliza anavyokula. Kifaru akifyeka nyasi husikika kutoka mbali.

Nina uhakika wa kuwaona?

Karibu kabisa. Wako ndani ya uzio na kila kundi lina walinzi wake. Kwa safari za wanyamapori hiyo ni bahati ya nadra. Kwenye mbuga kubwa unaweza kuzunguka siku nzima ukarudi na swala. Usichohakikishiwa ni wanafanya nini. Saa sita mchana wanalala tu. Ukitaka kuwaona wakila, wakitembea, ndama wakisumbuana, nenda asubuhi mapema au jua likianza kulegea.

Simba na tembo wapo?

Hawapo. Naona mawakala wengine wanapaka rangi kwenye matangazo yao mpaka mgeni anafika akiuliza simba yuko wapi. Ziwa utakuta pongo, kuro, swala wadogo wa taya, nguruwe pori, nyani, viboko na mamba upande wa kinamasi, na zaidi ya aina 300 za ndege. Tembo, simba, nyati, twiga na chui wanakusubiri Murchison, safari ya saa chache tu kutoka hapo. Aliyepanga vizuri huweka Ziwa njiani, si mwisho wa safari.

Yule ndege mkubwa wa kijivu, naye yuko hapo?

Korongo nyangumi, mwenye mdomo kama kiatu cha fundi. Ndiyo, kwenye kinamasi cha Lugogo, kinachopakana na ranchi. Ni safari nyingine kabisa, yenye malipo yake: mnatoka alfajiri, mnapanda mtumbwi, mnamtafuta amesimama bila kutikisika akimvizia kamongo. Anafika urefu wa zaidi ya mita moja. Anapatikana mara nyingi lakini si kila siku. Ukitaka kufanya yote mawili, lala hapo usiku wa kuamkia. Kutoka Kampala alfajiri ile ni kujitesa.

Nafikaje bila gari langu?

Shika barabara ya Kampala–Gulu. Ziwa ni kama kilomita 170 kutoka mjini, na saa tatu zinatosha ukishatoka Kawempe. Kutoka Kawempe ndiko kunakotaka moyo. Utapita Bombo, mji wa Wanubi na wa jeshi, ambako Kiswahili hakimshangazi mtu, kisha Luweero kwenye mananasi, kisha Migyera, halafu Nakitoma. Basi lolote la Gulu, Kitgum, Lira au Masindi linapita hapo. Mwambie kondakta mapema, tena mkumbushe Migyera, kwa sababu mabasi ya kaskazini hayapendi kusimama na dereva akishapata mwendo hata wewe atakusahau. Wengi watakutoza nauli ya mwisho wa safari. Teksi, yaani zile matatu zetu, ni nafuu zaidi kwa mwendo mfupi kama huu.

Nakitoma unapanda boda boda hadi lango, kilomita chache za barabara ya vumbi. Patana kabla ya kupanda, na patana pia kama atakusubiri, maana ndani ya ranchi unahitaji chombo cha kukufikisha mahali pa kuanzia kutembea.

Wanaotoka Kenya kupitia Malaba hawalazimiki kuingia Kampala. Ipo njia ya Mbale, Soroti, Lira, kisha Karuma na kushuka kusini. Ni ndefu, lakini ina lami na haina foleni ya Jinja Road. Karuma mtaivuka Nile. Nyani wa pale hupora chakula dirishani, fungeni vioo.

Ni shilingi ngapi?

UWA huchapisha orodha ya viwango vyake na kuibadilisha kila baada ya muda, kwa hiyo chukua bei kutoka kwao wiki unayosafiri, usichukue ya rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Lenye maana kwako ni kujua uko kundi gani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi ya Uganda, na ni sehemu ndogo tu ya anachotoa mtalii wa ng'ambo kwa dola. Mgeni mwenye kibali cha kuishi Uganda yuko katikati.

Hapa ndipo watu hupoteza hela. Ukikata safari kupitia kampuni, hakikisha imekuandika raia wa Afrika Mashariki na uionyeshe kitambulisho tangu mwanzo. Bila hati mkononi langoni, jina la Mwanjala au Kambale halitoshi. Utahesabiwa mgeni wa kawaida.

Weka fedha kwenye simu, kwa sababu UWA imekuwa ikiachana na noti kwenye malango yake. Noti ndogo bebea boda, chai na bakshishi.

Bakshishi ni lazima?

Si lazima. Lakini mtu aliyekuzungusha kwenye upepo saa nzima ili usikanyagwe, mpe kitu mkononi, umshukuru kwa jina lake.

Nahitaji hati gani kuvuka mpaka?

Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania na wengine, pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kibebe. Siku usipokibeba ndiyo siku utakayoulizwa. Na malaria ya Uganda si ya kupuuza: chandarua, dawa ya kupaka jioni, na umwone mfamasia kabla ya kutoka nyumbani.

Nivae nini?

Suruali ndefu, soksi ndefu, viatu vilivyofunika vidole na visivyoogopa umande. Rangi za udongo na majani makavu. Nyeupe na nyekundu zinakutangaza. Bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta mbung'o, na ukiendelea Murchison utakumbuka maneno haya. Koti la mvua halikosi kazi.

Nguo zenye madoadoa ya kijeshi USIVAE. Nchini Uganda raia hana ruhusa ya kuvaa sare au kitambaa cha jeshi, hata kofia uliyonunua mtumba Gikomba au Karume. Unaweza kuvuliwa kwenye kizuizi cha barabarani, na hilo ndilo jepesi kati ya yanayoweza kukupata.

Naweza kumleta mama yangu mzee? Na watoto?

Mama, ndiyo, kama anatembea shambani kwake bila shida. Ardhi ni tambarare. Mwambie askari mapema ili achague kundi lililo karibu na njia. Hufanya hivyo kwa moyo mkunjufu, wazee wanaheshimiwa huku. Asiyeweza kutembea abaki mapokezi chini ya mti, na mara nyingine nguruwe pori humfuata hapohapo.

Watoto wana kipimo kimoja tu machoni pangu: anaweza kunyamaza akiambiwa anyamaze? Mwenye miaka minne hawezi, hata kama kwenu ndiye mpole kuliko wote. Anayesoma shule ya msingi na anayependa wanyama atatembea kuliko baba yake. Taja umri wao wakati wa kuweka nafasi, upate jibu la ofisi kabla hujawaahidi.

Nitaeleweka kwa Kiswahili?

Kwa askari, uwezekano ni mkubwa. Kiswahili kimekuwa lugha ya majeshi yetu tangu ukoloni, na askari wa wanyamapori hupitia mafunzo ya namna hiyohiyo. Usishangae Kiswahili chao kikiwa kifupi na cha amri: "simama", "rudi nyuma", "kaa chini". Porini hicho ndicho kinachohitajika. Omba mwongozaji wa Kiswahili unapoweka nafasi, usisubiri langoni.

Kijijini ni habari nyingine. Nakitoma watu husema Kiruuli na Kiganda, na ukipanda juu kidogo, Kilango na Kiacholi. Anza na salamu, "ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, na usikimbilie bei. Mengine yatajipanga.

Kulala hapo kukoje?

Ndani ya ranchi kuna vyumba vya kawaida, mahali pa kupiga hema, na loji ya Amuka kwa wenye mfuko mnene. Usiku vifaru huja kula nyasi karibu na vyumba. Si maneno ya tangazo. Kwa hiyo huendi chooni wala mezani bila kumulika na tochi, na huko nje huzururi. Mwenye bajeti ndogo anaweza kulala Migyera au Masindi, ila atakosa usiku huo.

Picha na ndege zisizo na rubani?

Picha piga, mwako wa kamera uzime. Ndege zisizo na rubani haziruki bila kibali, na kibali si cha kuombea langoni.

Jambo moja ambalo wageni hawaelezwi vya kutosha: zima kitambulisha-mahali kwenye simu kabla ya kupiga, na usiandike mtandaoni kwamba "leo saa nne mama na ndama walikuwa karibu na kisima fulani". Watu wenye nia mbaya husoma mitandao kama sisi.

Pembe ni dawa kweli?

Hapana. Ni keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha zako na nywele zako. Anayeitafuna kwa homa anatafuna kucha ya mnyama aliyeuawa. Lakini mnunuzi akiwa na hela hakuna anayemhoji, na ndiyo sababu ya askari kulala porini mvua ikinyesha. Sheria ya wanyamapori ya 2019 iliongeza makali hadi kifungo cha maisha, na haikubaki karatasini: Oktoba 2022 mahakama ya Kampala ilimpa mtu kifungo hicho kwa kukutwa na pembe za ndovu.

Kwa nini wafungiwe? Si wangeachwa tu Murchison?

Ndilo lengo la mradi tangu siku ya kwanza: kuwazalisha mahali panapolindika, halafu kuwarudisha porini ambako vifaru walikuwapo. Ila Murchison ina zaidi ya kilomita za mraba 3,800, na mitego ya nyaya ya wawindaji wa nyama bado huvuna miguu ya tembo na simba kule. Kumpeleka kifaru kabla ya kuandaa ulinzi ni kumpeleka sokoni.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Ukoo wa Ziwa ulianzia kwa wanyama sita tu. Watoto wa baba mmoja wakiendelea kuoana, damu hudhoofika. Mfugaji yeyote wa Nakasongola anakuelewa ukimwambia hivyo, ndiyo maana hubadilisha fahali. Na ranchi yenyewe ina mipaka: madume wanahitaji eneo, na kila mmoja huweka alama zake kwa marundo ya kinyesi. Wakibanana, hupigana hadi kuuana. Kwa maoni yangu uzio huu ni wa lazima kwa sasa, na anayeukosoa kwanza ahesabu ni vifaru wangapi Uganda ilikuwa nao 1995 bila uzio.

Niende miezi gani?

Desemba hadi Februari, na Juni hadi Julai, nyasi zikiwa fupi na njia zikiwa kavu. Aprili na Mei, kisha Septemba hadi Novemba, mvua ni nyingi na nyasi hukufika kiunoni. Vifaru bado utawaona, ila utarudi umelowa. Machi hutegemea mwaka. Januari vumbi na moshi wa makaa hupunguza uzuri wa picha, hasa jioni.

Murchison naunganishaje?

Ukitoka Nakitoma endelea kaskazini, vuka daraja la mto Kafu, mpaka wa zamani wa Buganda na Bunyoro, kisha kata kushoto kwenda Masindi. Masindi pana benki, mafuta na soko. Jaza kila kitu hapo. Kutoka Masindi unaingia mbuga kwa lango la Kichumbanyobo na kupita msitu wa Budongo. Usikose maporomoko yenyewe, ambapo Nile nzima hubanwa kwenye mwanya wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita 40.

Gorila wa Bwindi usiwaingize kwenye safari hiyohiyo ya siku tatu. Wako kusini-magharibi kabisa, upande wa pili wa nchi.

Nipo njiani kwenda Gulu na nina saa tatu tu. Inatosha?

Inatosha kama unaingia kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, una gari lako, na umepiga simu UWA jana yake. Nusu saa kuingia na kutoka barabarani, dakika chache mapokezi, zilizobaki ni za kutembea. Ukifika saa sita na watoto wenye njaa, pita tu. Kula Migyera au Kafu, na siku ya kurudi anzia safari huko Gulu alfajiri ili ufike Nakitoma jua likiwa bado la asubuhi.